Baba na Mwana Juu ya Longonot

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini hupita kando ya kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia mwaka 1942, kisha huteremka hata Mai Mahiu. Huko huuona mbele yake mlima uliosimama peke yake katika Bonde la Ufa. Huo ndio Longonot. Kilele chake ni mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Jina lake limetoka katika lugha ya Kimasai, nalo linahusu migongo yake mingi; kwa maana mvua imezichonga mbavu za mlima huo, zikawa makorongo na matuta tangu juu hata chini. Zamani mlima huu ulitoa moto. Sasa umelala, ingawa mvuke bado huonekana hapa na pale katika kuta za shimo lake. Tangu mwaka 1983 ni hifadhi ya taifa.

Asubuhi moja ya Jumamosi karani mmoja alifika langoni pamoja na mwanawe, mtoto wa miaka 12. Watu wa ofisini walimjua karani huyo kuwa hodari wa kazi, lakini hawakujua kwamba hakuweza kupanda hata ngazi ya kuezekea nyumba pasipo magoti yake kutetemeka. Jambo hilo alilificha miaka mingi. Tena alifanya lililo baya zaidi. Mwezi mmoja kabla ya safari, mtoto alikataa kupanda juu ya tangi la maji ili alifunike, na baba akamwita mwoga mbele ya wageni. Tangu siku ile mtoto aliitika alipoitwa, wala hakuongeza neno. Basi baba aliona kwamba safari ya mlimani itamtia mwanawe moyo, na pengine itamrudishia maneno yake.

Njia ya kutoka langoni mpaka ukingo wa shimo ni kiasi cha kilomita tatu. Mwanzo wake ni mwepesi. Hupita kati ya vichaka vya leleshwa, na mara nyingi punda milia na twiga huonekana wakila. Baadaye njia huinuka ghafula. Vumbi la mlima wa moto ni laini kama unga, na mtu apandaye hatua moja huteleza nyuma nusu yake. Baba alitangulia, naye hakuacha kuhimiza: "Kaza mwendo, mwanangu! Mwanamume hatazami nyuma."

Walipofika ukingoni shimo likafunuka mbele yao: bakuli kubwa mno, kuta zake wima, na chini kabisa msitu wa kijani. Miti yake mikubwa ilionekana kama majani ya mboga bustanini. Njia ya kuzunguka ukingo huo ni zaidi ya kilomita saba, na kilele kiko upande wa magharibi. Mahali pengine njia ni nyembamba: upande mmoja ni shimo, na upande wa pili ni mteremko wa mlima wenyewe.

Hapo ndipo baba aliposhindwa. Wataalamu husema kwamba macho huusaidia mwili kusimama sawa kwa kutazama vitu vilivyo karibu. Penye bonde tupu vitu hivyo hukosekana, na mtu huhisi anayumba. Karani aliona nchi yote inazunguka. Jasho baridi likamtoka, akaketi mavumbini na kushika nyasi kwa mikono miwili.

"Baba, umechoka?" mtoto aliuliza nyuma yake.

Neno la kukubali lilikuwa tayari mdomoni. Baba alilimeza.

"Sikuchoka, mwanangu. Ninaogopa. Nimeogopa mahali pa juu tangu nilipokuwa mdogo kuliko wewe. Na siku ile ya tangi nilikuaibisha kwa udhaifu ulio wangu. Unisamehe."

Mtoto alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mimi pia ninaogopa, Baba. Lakini tangu chini nimetazama visigino vyako tu, sikutazama pengine. Sasa wewe utazame vyangu."

Wakapumzika, wakanywa maji, na njia ilipopanuka kidogo mtoto akatangulia. Baba alivitazama visigino vile vyenye vumbi, wala hakuona shimo. Palipokuwa pabaya zaidi alitambaa kwa mikono na miguu, na vijana waliopita walicheka. Lakini mtoto hakucheka, alingoja. Hivyo walifika kileleni. Huko waliona ziwa Naivasha likimetameta, na mlima Suswa upande wa kusini. Baba alivitazama vyote hali ameketi.

Mtu apendaye kwenda Longonot na aanze asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, achukue maji ya kutosha, na kuvaa viatu vinavyoshika ardhi. Baada ya mvua makorongo huteleza. Na mwenye hofu asione haya kumwambia mwenziwe mapema, wala asimtangulie mtu kwa ushujaa asio nao. Mlimani uongo wa namna hiyo unaweza kumponza yeye na amfuataye.

Jioni ya siku ya pili, nyumbani kwa karani, upepo ulipeperusha kifuniko cha tangi. Hakuna aliyetumwa. Baba na mwana walitoka pamoja wakaiegemeza ngazi. Mmoja alipanda na mwingine akaishika, na wote wawili walitetemeka kidogo, na walizungumza mpaka kifuniko kilipokaa mahali pake.