Walipotaka Kuuchoma Moyo wa Mama

Neno lililomtisha mama halikuwa kisu wala sindano. Lilikuwa kuchoma. "Moyo ndimo imani ikaamo," alimwambia daktari kule Mumbai, "vipi mtu auchome?"

Kwa miaka miwili moyo wake ulikuwa ukienda mbio bila mpango. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Wake ulifika 140 naye ameketi juu ya mswala. Jirani walinena husda, wengine wasiwasi wa uzee. Kisomo tulisoma, wala hatukukiacha, lakini kisomo hakimkatazi mtu kupimwa. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kwamba vyumba viwili vya juu vilikuwa vikitetemeka badala ya kupiga. Damu hutuama humo ikaganda, na bonge likipanda ubongoni huleta kiharusi. Hilo ndilo lililotunyima usingizi.

Vidonge vya kutuliza mpigo havikumfaa. Daktari akatueleza njia nyingine. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba cheche za maradhi haya mara nyingi huanzia katika mishipa iletayo damu kutoka mapafuni. Basi hupitishwa mrija mwembamba katika mshipa wa kinenani hadi moyoni, ukatobozwa ukuta ulio baina ya vyumba vya juu, kisha midomo ya ile mishipa ikazungushiwa alama za moto, au za baridi kali. Kovu halipitishi umeme. Cheche hubaki huko huko. Hakutuficha hatari: damu yaweza kuvuja kuuzunguka moyo, kiharusi chaweza kutokea papo hapo, na maradhi yaweza kurudi hata ikalazimu kurudia.

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akauliza lililomkaa rohoni zaidi ya moto: kinenani, nani atakayemwona? Kaka yangu aliinamisha uso. Mimi niliona ni swali la haki kabisa, na nashangaa jinsi wagonjwa wetu wanavyoona haya kuliuliza. Dharura ina ruhusa yake katika sharia, lakini ruhusa haimzuii mtu kuomba sitara. Tuliomba wauguzi wanawake wamtayarishe, na afunikwe kote isipokuwa pale pa kazi. Walikubali mara moja. Ndipo alipotia sahihi, kwa mkono wake.

Saa nne nilikaa nje na tasbihi. Alhamdulillahi, alitoka salama.

Sasa tuko Mombasa. Miezi mitatu ya mwanzo moyo huweza kurukaruka wakati makovu yakikomaa, nao umeruka mara mbili. Dawa ya kuzuia damu isigande anaendelea nayo kila siku. Wiki ijayo atavalishwa kipimo cha saa 24, na amekwisha kuniuliza atatawadhaje nacho kifuani.