Bangili Iliyokataa Kutoka

Nilianza uuguzi Kakuma wakati kambi ya wakimbizi, iliyofunguliwa 1992, ilikuwa ingali changa. Kutoka hapo hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na laga, yaani mto wa msimu, likijaa, gari lilisubiri ng'ambo hata usiku kucha.

Zahanati yangu ya kwanza siitaji jina. Asubuhi moja aliingia binti mwenye mimba ya kwanza, miezi minane, mkono kipajini. "Sista, kichwa." Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nikasema ni jua. Turkana, nani asiyeumwa kichwa? Mpira wa mashine ya presha ulikuwa umepasuka, nami sikwenda kutafuta nyingine. Nilimpa panadol na maji, nikamlaza chini ya mwarobaini. Kabla ya adhuhuri alishikwa na kifafa cha mimba. Yeye alipona. Mtoto wake tulimzika.

Tangu siku hiyo sikumuuliza tena mjamzito, "Una shida gani?" Swali hilo hujibiwa "sina." Nilianza kuuliza: Kichwa kinauma hata ukiwa kivulini? Unaona ukungu, au vimulimuli? Tumbo linauma chini ya mbavu? Mtoto anacheza kama jana? Umeona damu, au maji yametoka kabla ya wakati? Miguu huvimba kwa safari, kwa hiyo nilitazama uso na mikono. Bangili iliyokuwa ikizunguka mwezi uliopita, sasa imeacha alama kwenye ngozi? Kambini niliuliza hivyo hivyo kupitia mkalimani, na nilimwomba asifupishe.

Dawa nazo zilibadilika. Utafiti wa 2002, uliohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Ni sindano ya kuheshimiwa. Kabla ya kila dozi nahesabu pumzi, napima mkojo, nagonga goti. Mguu usiporuka, dozi hiyo haitolewi.

Juni 2013 serikali ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma, wakaanza kuja wale waliokuwa wakingoja mbuzi auzwe kwanza. Lami ikafika. Lakini kwangu badiliko kubwa lilikuwa kwa akina nyanya, ambao nilikaa nao chini ya miti nikiwaeleza habari za ile bangili, miaka nenda miaka rudi.

Jioni moja pikipiki ilisimama mlangoni. Nyanya alishuka akimshika mkaza mwanawe.

"Kichwa kimemuuma tangu jana," akasema. "Nilidhani ni jua. Halafu nikajaribu kuivua hii."

Akauinua mkono wa binti, bangili imezama nyamani. Presha ilikuwa 170 kwa 110. Niliita gari la Lodwar, nikavunja chupa ya magnesiamu, kisha nikamuuliza jina lake.