Miguu Yangu Ilinirudishia Majina ya Watu

Zaidi ya nusu ya maisha yangu nimeendesha lori. Njia yangu ilikuwa Dar es Salaam hadi Rusumo, mzigo wa Rwanda au wa Congo, na kila safari ilinipitisha nyumbani kwetu Sekenke, pale barabara ya kutoka Singida inapoteremka mlima kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere. Madereva wanaujua mlima huo. Kabla ya lami tuliuteremka kwa gia ndogo, utingo akitembea kando na gogo mkononi, tayari kulitega chini ya tairi. Yeye alitembea, mimi niliketi. Nimeketi hivyo miaka na miaka, na nilipostaafu nikarudi kijijini kuendelea kuketi. Bodaboda ilinipeleka Shelui sokoni, trekta la kukodi likanilimia shamba la alizeti, vijana wakanichotea maji. Mwili ukanenepa, presha ikapanda.

Kisha majina ya watu yakaanza kunipotea. Hata ya watu wa karibu. Mwenzangu ambaye tumelala naye chini ya lori mara nyingi alinisalimia barabarani, nikamshika mkono na kumwita "ndugu yangu", kwa kuwa jina lake halikuja. Siku nyingine kijana anayejifunza udereva aliniomba nimtajie mizani ya njia ya kati. Nikataja Vigwaza, nikataja Mikese, halafu kimya. Nala ilikuwa imefutika, na Njuki pia, ambayo iko hapa hapa mkoani Singida. Niliogopa kweli, maana nilikuwa naishi na mtu ambaye ugonjwa wa kusahau umeshamfikisha mbali.

Mtu huyo ni mama yangu. Amevuka miaka 80. Anaukumbuka vizuri mgodi wa dhahabu wa Sekenke enzi za Mwingereza, na jinsi alivyowapelekea wachimbaji karanga akiwa msichana. Uji aliokunywa asubuhi haukumbuki, na mimi ananiita kwa jina la kaka yake, marehemu mjomba wangu. Kuna kipindi alikuwa akiamka usiku wa manane, anatafuta ndoo aende kisimani. Majirani wakaanza kunong'ona. Kuanzia kwetu hadi Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Bibi anayezunguka usiku akisema maneno yasiyoeleweka yuko hatarini. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba mama yangu ni mgonjwa, na nitaendelea kusema hivyo popote nitakaposikika.

Binti yangu ni muuguzi. Alipokuja likizo aliketi na bibi yake mkekani, akatoa kiberiti, akapanga njiti chache kwa umbo fulani, akamwambia, "Bibi, hebu nipangie kama hivi." Mama akazitazama, akaziokota moja moja na kuzirudisha kwenye kiberiti. Binti yangu alinieleza kwamba njiti hizo ni sehemu ya kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichoandaliwa kwa ajili ya wazee wa Afrika, wakiwemo wasiojua kusoma wala kuandika, na kwamba kazi yake ilifanyika wilayani Hai, Kilimanjaro. Huko Hai, watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2010, walikuta kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu, ambao madaktari wanauita demensia.

Habari hiyo ya Hai nimeifikiria sana. Wazee wale ni wakulima, wamepanda na kushuka miteremko ya Kilimanjaro tangu utoto. Mama naye ametwanga, amelima, amebeba maji kichwani. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu kwamba kutembea kunazuia kila kitu. Presha ya mama haikupimwa mpaka alipokuwa mzee kabisa, na masikio yake yalikuwa mazito kwa muda mrefu. Mwaka 2024 kamisheni ya wataalamu ya jarida la The Lancet iliorodhesha mambo 14 yanayochangia demensia na ambayo yanaweza kurekebishwa. Presha imo, kutosikia vizuri kumo, kisukari, upweke, kukosa shule, na kutofanya mazoezi. Walikadiria kwamba mambo hayo yote yangeshughulikiwa, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingezuilika au kucheleweshwa.

"Baba," binti yangu aliniambia jioni ile, "Bibi tutamtunza. Wewe bado tunaweza kukuwahi."

Alinipeleka kupimwa, nikaanzishiwa dawa za presha, chumvi ya mezani ikaondolewa. Baada ya hapo akanipa mwendo kama anavyopewa mtu dozi. Nitembee haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini nishindwe kuimba, na kwa wiki zifike angalau dakika 150, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Nilianza alfajiri, kwenye njia za mashambani, kwa sababu kando ya barabara kuu malori hayana huruma na mtu wa miguu. Mwanzoni magoti yaliuma na nilitamani kurudi kitandani. Sikuacha. Nilipozoea tambarare nikageukia njia za kupanda.

Nilitaka kujua miguu inahusiana vipi na kichwa. Binti yangu alinisimulia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011. Wazee 120 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likatembea hadi kufikia dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima, na kundi la pili likanyoosha viungo tu. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake ni kuweka kumbukumbu mpya. Kwa waliotembea iliongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 2. Kwa wale wengine ilipungua, kama inavyopungua kwa wazee wengi. Ukitembea kwa kasi, moyo unapeleka damu nyingi zaidi ubongoni, na mwili unaongeza protini iitwayo BDNF, inayosaidia chembe za ubongo kukua na kuungana.

Lakini kilichonigusa zaidi kiko jirani. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao wako Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba yetu, walivalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Ikaonekana kwamba kwa siku moja wanafanya zaidi ya saa mbili za shughuli zinazoupa moyo kazi, na wazee wao hawapunguzi sana. Presha ni nadra kwao. Watu ambao tumezoea kuwaonea huruma kwa maisha yao wana mioyo ambayo mimi, mwenye pensheni na bodaboda ya kuita, sikuwa nayo.

Mabadiliko yangu hayakuja ghafla. Usingizi ndio uliotangulia, kisha vipimo vya presha vikashuka. Majina yalirudi taratibu sana, na leo nikipanda mlima naitaja mizani yote kwa sauti, kutoka Vigwaza, kupitia Mwendakulima, hadi Nyakahura. Yule mwenzangu namwita kwa jina lake, na la mkewe. Sidai kwamba ni miguu peke yake iliyofanya kazi hii. Dawa zimesaidia, na kuongea na watu njiani kumesaidia. Ila nikikaa ndani wiki nzima kwa ugonjwa, kichwa kinakuwa kizito na mimi mwenyewe najiona.

Na mama? Dada zangu walitumaini kwamba naye akitembezwa atapona. Niliwaeleza ukweli. Uingereza walifanya jaribio kubwa kwa wagonjwa 494 ambao tayari wana demensia, matokeo yakatolewa mwaka 2018: mazoezi yaliimarisha miili yao, lakini hayakupunguza kasi ya kusahau. Hata hivyo namtembeza mama kila jioni hadi kwa jirani na kurudi, mkono wake kwenye mkono wangu. Bado ananiita kwa jina la mjomba. Lakini usiku analala, anasimama mwenyewe bila kuinuliwa, na wale wale waliokuwa wakinong'ona sasa wanatoka nje kumpa shikamoo.

Asubuhi sasa sitembei peke yangu. Tuko wazee kadhaa, wanaume kwa wanawake, wawili kati yao wastaafu wa malori kama mimi. Aliye Sekenke au Shelui na anapenda kujiunga, aanze kwa kupima presha na sukari kwenye zahanati iliyo karibu naye, avae viatu visivyobana, aje kabla jua halijachomoza. Mwendo wa kwanza ni wa tambarare. Mlima tunaupanda baadaye, kila mtu akiwa tayari.