Maji ya Ziwa na Mkono Ulioinuliwa

Sisi wa Baraka twaishi kando ya Ziwa Tanganyika, na kipindupindu hakituachi kwa muda mrefu. Wahudumu wa afya husimama ufukoni na kutia klorini katika bidoni za wanaoteka maji. Wapo wanaongoja mhudumu ageuke, wakayamwaga, wakateka mengine. Matangazo husomwa baada ya Misa. Watu huitikia kwa heshima, kisha huenda zao.

Siwaiti wajinga. Fizi imeijua vita tangu 1964, na mtu aliyekimbia nyumba yake mara nyingi hujifunza kumuuliza kila aletaye dawa ametumwa na nani. Shaka hiyo wameilipia.

Katika masomo ya ualimu nilikutana na habari za Kurt Lewin, Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 akaenda Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyama ilikuwa haba, akachunguza jinsi ya kuwashawishi akina mama wapike moyo na figo. (Kwetu figo hazihitaji mhubiri!) Makundi mengine yalipewa hotuba nzuri. Mengine yalizungumza yenyewe, kisha aliye tayari kujaribu akainua mkono mbele ya wenzake. Waliosikia hotuba, asilimia 3 tu walipika; waliozungumza, asilimia 32.

Maaskofu wa Kongo walipochagua jumuiya hai mwaka 1961, hawakuwa wakifikiria figo. Lakini chombo tunacho. Jioni moja, baada ya Injili ya mwanamke Msamaria, ambaye Bwana alianza kwa kumwomba maji, shirika letu liliuliza wazi: nani humwaga? Mama mmoja mchuuzi wa ndagala akajibu kwamba ni yeye, kwa kuwa chai hunuka. Jirani yake akamweleza kuwa yeye huyafunika maji, akangoja nusu saa, na watoto wamezoea. Wakabishana, wakacheka. Mikono tisa ikainuka, na wa mchuuzi ukiwamo.

Nakiri chombo hiki kina makali pande mbili: vijana wetu wengine huingia porini kwa njia hiyohiyo, kwa kuona wenzao wameinua mikono.

Basi naomba kila shirika litenge jioni moja kabla ya Majilio kwa ajili ya maji, na wenye mashaka wapewe nafasi ya kusema kwanza.