Mng'ao wa Wazee

Kizazi chetu kilipenda vitu vipya, na kilikuwa na sababu. Tulikulia katika nyumba ambamo kasha la bibi, samadari na meza ya msaji vilikuwa mali ya wakubwa: ukivigusa unakemewa, ukiambiwa uvihamishe mgongo unauma. Zilipokuja meza za fomika na makochi ya sponji tukaona tumepumua. Makasha yakaingia stoo kuwekewa mkaa, mengine yakauzwa kwa bei ya kutupa. Kwa hilo situlaumu sana. Shida nayo ina haki zake. Ninacholaumu ni tulichofanya baadaye, tulipotambua kuwa vitu vile vina thamani.

Tulivivamia kwa msasa. Hapa Mji Mkongwe nimeona makasha yakisuguliwa kwa mashine mpaka mti ukabaki mweupe, ncha za nakshi zikawa butu, kisha yakamwagiwa vanishi nzito ya kopo ili mgeni avutiwe na kung'aa. Msaji ukikaa miaka na miaka kwenye hewa na mwanga hugeuka rangi, lakini rangi hiyo ipo juu juu tu. Asubuhi moja ya msasa inaiondoa, na hakuna dawa ya dukani inayoirudisha.

Na mara nyingi ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Meza na makabati mengi ya zamani yaliyotoka India na Ulaya yalipakwa shelaki, utomvu unaotolewa na vidudu vidogo vinavyoishi kwenye miti ya India, mkunazi ukiwamo. Shelaki huyeyuka kwa spiriti. Fundi mwenye subira huanza kwa kutia tone moja mahali pasipoonekana, nyuma ya mguu au chini ya droo. Pakilainika na kunata, amekwisha kujua anashughulika na nini. Ile duara nyeupe inayoachwa na kikombe cha chai ya moto ni unyevu ulionaswa ndani ya polishi, haujafika kwenye mti. Kitambaa laini chenye unyevunyevu wa spiriti, kikipitishwa haraka bila kukandamiza, mara nyingi huiondoa. Doa jeusi ni habari nyingine: hapo maji yamekwisha kuingia mtini.

Kinachonifanya niipende shelaki ni kwamba koti jipya huyeyusha kidogo lile la zamani na kushikana nalo. Kazi ya fundi wa leo inaingia ndani ya kazi ya fundi aliyezikwa zamani, na huwezi tena kuzitenganisha. Vanishi ya plastiki haikubali hivyo; ikichakaa inabanduka, nawe unalazimika kuanza upya.

Tena mwambao huu ndio uliokuwa ukiilisha dunia vanishi! Katika karne ya 19 sandarusi, utomvu wa miti uliogeuka mgumu, ilichimbwa ardhini katika nchi za pwani zinazotazamana na Unguja, Uzaramo ikiwamo, ikaletwa hapa, ikapakiwa majahazini na merikebuni. Baada ya mkataba wa Sultani Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833, nyingi ilikwenda Salem, bandari ya huko, na ikatengenezewa vanishi ngumu ya samani na magari ya farasi. Huenda kuna meza huko inayotunzwa kwa heshima hadi leo, na mng'ao wake umetoka Uzaramo. Wazee wetu waliijua harufu ya sandarusi, nasi tuliokaa nao barazani hatukuwauliza ilikuwa ikienda kufanya kazi gani.

Siku hizi vijana wanarudi na makasha waliyoyakuta stoo. "Shikamoo mzee, tunataka liwe kama jipya." Marahaba, nawaambia, kisha nawauliza nani alikuwa akilikalia, maana kifuniko kimelika upande mmoja. Wengi wanamjua. Basi napangusa vumbi, nakaza bawaba, natia nta ya nyuki kidogo, na upande ule ulioliwa nauacha ulivyo. Anayeshikilia msasa wa mashine namwelekeza karakana nyingine.