Jini Aliyeishia kwenye "Itaendelea"

Gazeti lilifika kwetu Mkumbara halina jalada. Kondakta wa basi alikuwa amejipepea nalo tangu Tanga, kisha akamrushia mama muuza karanga pale barabarani, naye kabla hatujambembeleza atupe alishachana kurasa za nyuma kufungia karanga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 katuni tulizisoma hivyo, vipande vipande.

Sani, gazeti la katuni, tuliitambua hata bila jalada. Jina lake limeunganishwa kutoka kwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na ndani mlikuwa na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, na Kipepe wa Philip Ndunguru. Hao walituvunja mbavu. Ila kipande cha siku ile, ambacho mpaka leo sijui kilitoka gazeti gani, hakikuwa na mzaha. Mwanamke anabisha hodi usiku, kajifunga khanga kifuani. Bwana mmoja mwenye kitambi, aliyemdhulumu mjane shamba, anafungua mlango. Anatazama chini: kwato. Picha ya nne ilichanika pale pale kwato zilipovuka kizingiti.

Kwato hatukuanza kuziona gazetini. Bibi alikuwa na jini wake wa kike mwenye kwato, aliyekaa kwenye nguzo za ule waya wa Wajerumani ulioteremsha mbao za mierezi kutoka Shume milimani hadi stesheni yetu. Alikuwa wa kututisha tusitoke nje usiku, basi. Hakuwa na jina wala kisa. Alikula watu kwa kuwa ndiyo kazi yake. Wa gazetini alikuja na kisa chake. Kwa mara ya kwanza nilimwogopa jini huku namwombea afanikiwe.

Toleo la pili halikufika. Dada yangu akaimalizia hadithi nyuma ya daftari la hesabu, kwa kalamu ya bluu, na hakuishia kwa yule bwana. Jini alimwendea mnyapara anayewapunja wakata mkonge, akamwendea mume wa jirani aliyekuwa na mkono mwepesi. Uso alishindwa kuuchora, kwa hiyo siku zote jini alitupa mgongo, na mimi nilihisi huo mgongo unatisha kuliko uso wowote. Mwalimu alimnyang'anya daftari. Wiki mbili baadaye lilirudi, "kizingiti" imesahihishwa kwa wino mwekundu na hakuna neno jingine lililosemwa.

Miaka mingi baadaye, mjini, nilikutana na Vampirella, mnyonya damu wa katuni za Marekani tangu 1969, anayepambana na waovu. Nilimcheka kidogo kwa nguo zake. Angepigwa baridi Shume.

Kisha zikaja video. Kwenye kibanda chenye jenereta tuliona Karishika ya Wanigeria, halafu za kwetu za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, jini wa kike anayempenda mwanadamu. Kibanda kilijaa mpaka watoto wakakaa chini ya skrini. Sikatai, nilipiga kelele kama wengine. Ila katika nyingi ya filamu za namna hiyo mwanamke wa kuzimu alikuja kuvunja ndoa na kunyonya mali, na mwishoni anaunguzwa kwa maombi huku watu wakipiga makofi. Dada alitoka kabla ya makofi. Alisema jenereta linamuumiza kichwa.

Siku hizi hadithi za majini zinasomwa kwenye simu, na "itaendelea" imegeuka biashara: tuma hela upate sehemu ya pili. Mwezi uliopita nilimkuta binti wa dada kakwama kwenye sehemu ya kwanza, salio hana.

"Mama, nirushie mia tano nijue kama walimkamata."

Dada alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Hawakumkamata," alisema. "Sogea hapa, leta na ungo."