Posa Imekuja na Masta Haijaisha



Leo hatuzungumzii vitambaa wala singo. Kuna swali tumelisikia sana msimu huu kwa mabiharusi wanaokuja kupimwa nguo: "Posa imekuja, na mimi bado nasoma masta. Upande wa mume wanataka niache. Nifanyeje?" Swali hili limefika mpaka nyumbani kwetu, kwa mdogo wetu wa mwisho. Kwa hiyo tunalijibu kwa yale yaliyotupitia wenyewe.

Mdogo wetu ana shahada ya kwanza na sasa yuko katikati ya shahada ya uzamili. Anasomea kazi, taasisi na menejimenti, yaani namna watu wanavyofanya kazi pamoja, wanavyoongozwa, wanavyolipwa, na kwa nini wengine wanabaki kazini na wengine wanaondoka. Posa ilipoletwa, upande wa pili walikuwa na ombi moja tu: masomo yaishie hapo. Hawakusema kwa ubaya. Walisema angekuwa anasomea ualimu au uuguzi wangeelewa, lakini "kusomea kazi" ni kitu gani? Kazi inafanywa, haisomewi. Na mke wa mtu anasomea ubosi wa nini?

Sisi tulimaliza sekondari, tukachukua kozi ya ushonaji, kisha tukafungua biashara. Huko kwenye uzamili hatujafika. Basi kabla ya kumwambia mdogo wetu aendelee au aache, tulimwomba atueleze anachokisoma, na atueleze kwa lugha ya cherehani. Aliyotueleza ndiyo tunayokuleteeni, maana yalitusaidia kwenye posa hiyohiyo.

Wanawake wa kiwanda cha pajama

Alianza na Mmarekani mmoja, Frederick Taylor, aliyetoa kitabu mwaka 1911 kuhusu kusimamia kazi kwa njia ya kisayansi. Taylor na wenzake walipima kila hatua ya mfanyakazi kwa saa, wakatafuta njia moja iliyo bora, kisha mfanyakazi akaelekezwa aifuate. Kufikiri kukawa kwa wakubwa, kutenda kukawa kwa wadogo. Viwanda vingi vilizalisha zaidi kwa njia hiyo, lakini na manung'uniko nayo yalikuwa mengi.

Kisha akatupa kisa cha washonaji wenzetu. Katika mji wa Marion, jimbo la Virginia, kulikuwa na kiwanda kikiitwa Harwood kilichoshona pajama, zile nguo za kulalia. Kilikuwa na wanawake kama 500 na wanaume kama 100. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 23, na wa masomo yao ni miaka minane ya skuli. Walilipwa kwa kipande, kama mafundi wengi wa kwetu. Aliyekiongoza, Alfred Marrow, mwenyewe alikuwa amesomea saikolojia mpaka udaktari.

Tatizo la kiwanda lilikuwa hili: kila kazi ilipobadilishwa, hata kidogo, kasi ilishuka, watu wakanuna, na wengine wakaondoka kabisa. Mafundi wazuri walikuwa wanachukua muda mrefu kurudi kwenye kasi yao, wakati mwingine zaidi ya mtu mpya anayeanza kujifunza. Watafiti wawili, Lester Coch na John French, wakataka kujua sababu. Matokeo yao waliyaandika mwaka 1948.

Walichukua makundi ya wafanyakazi ambao kazi zao zilikuwa zinabadilishwa. Kundi la kwanza lilikuwa la wapiga pasi. Hawa walizoea kupanga nguo nusu dazeni juu ya kipande cha kadibodi, na sasa walitakiwa wazipange ndani ya boksi. Basi! Waliitwa, wakaelezwa kwa nini mabadiliko yanahitajika, wakatajiwa kiwango kipya cha malipo, maswali yao yakajibiwa, wakarudi kazini. Kundi la pili lilichagua wawakilishi wakae na wakubwa kupanga kazi mpya. Makundi ya tatu yalikuwa madogo, na humo kila mtu alikaa kwenye mazungumzo na kutoa rai yake.

Kundi la kwanza, ambalo nalo lilielezwa vizuri na kujibiwa, kasi yake ilishuka na haikupanda tena. Ndani ya siku 40 za mwanzo asilimia 17 ya watu wake waliacha kazi. Katika yale makundi ambayo kila mtu alishiriki, hakuna aliyeacha. Walirudi kwenye kasi yao upesi, kisha wakaipita kwa asilimia 14 hivi.

Halafu wale wa kundi la kwanza waliobaki walikusanywa baadaye, wakapewa kazi nyingine mpya, lakini safari hii na wao walikaa kitako na kupanga. Wakafanya vizuri kama wenzao. Mikono ilikuwa ileile na vichwa vilevile. Mdogo wetu alituambia kuwa wapiga pasi wale hawakuwa wabishi wala wazito, na lile boksi halikuwa na uzito wowote. Kilichowaelemea ni kuletewa jambo ambalo limekwisha kuamuliwa, hata kama limeletwa kwa maneno mazuri.

Jambo hili tunalo

Tulipofika hapo, mmoja wetu akasema: hii si shura? Tukatazamana. Qur'ani ina sura nzima yenye jina hilo, sura ya 42, na humo waumini wanasifiwa kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anataja mume na mke kukubaliana na kushauriana hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Kama ziwa la mtoto lina mashauriano, masomo ya mke yatakosaje?

Hatusemi kwamba watafiti wa Virginia wametufundisha dini yetu. Tunasema kwamba anayesoma masomo haya kwa moyo safi anakutana na mambo ambayo Muislamu ameamrishwa zamani, na anayakuta yamepimwa kwa hesabu. Ndivyo ilivyo pia kwenye ujira. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Kwenye uzamili wanakaa muhula mzima kuchunguza malipo yanavyojenga au kuvunja imani baina ya mwajiri na mwajiriwa. Wengi wetu tuna wasichana wa kazi majumbani na mafundi madukani. Ni elimu ya kutuogopesha kidogo.

Tulilijaribu jambo hili dukani. Zamani kila fundi alishona nguo yake mwanzo mpaka mwisho, na shanga akatia mwenyewe. Harusi za Mfunguo Mosi zilipokaribia tulitaka shanga zote zishikwe na mafundi wawili wenye mkono mwepesi. Tuliwakalisha wote na kuwauliza. Ni wao walioona kwamba malipo ya shanga hayafai kuhesabiwa kwa nguo, kwa kuwa gauni moja lina shanga kifuani tu na jingine lina shanga mpaka kwenye pindo. Wakapendekeza yahesabiwe kwa sehemu ya nguo: kifua, mikono, sketi. Hivyo ndivyo tunavyolipa mpaka leo, na msimu ule haukuwa na ugomvi wa malipo.

"Ubosi wa nini kwa mke wa mtu?"

Swali hili linastahiki jibu la heshima. Sisi Waislamu hatuhitaji kwenda mbali. Mama yetu Khadija, Allah amridhie, alikuwa mfanyabiashara anayetuma misafara, na alimjua Mtume kwanza kwa uaminifu wake katika biashara hiyo. Alikuwa mke na mama, na alijua kuchagua watu wa kufanya nao kazi.

Katika masomo yenyewe, miongoni mwa waasisi yumo mwanamke mwenye watoto 12. Anaitwa Lillian Gilbreth, aliyezaliwa California mwaka 1878. Yeye na mumewe Frank walichunguza mwendo wa mikono ya wafanyakazi ili wapunguziwe uchovu. Kwenye kujenga kwa matofali, kwa mfano, Frank alipunguza miondoko ya fundi kutoka 18 hadi 5 hivi kwa kila tofali. Kitabu chake kuhusu saikolojia ya menejimenti kilitoka mwaka 1914 kikiwa na herufi za mwanzo tu za majina yake, ili wasomaji wasijue kuwa ni mwanamke. Mwaka 1915 alipata udaktari akiwa analea. Mumewe alipofariki ghafla mwaka 1924, elimu ile ndiyo iliyomwezesha kuendelea na kazi na kusomesha watoto. Baadaye alifanya utafiti wa majiko ya nyumbani ili mwanamke asitembee hatua nyingi bure anapopika, na mwaka 1935 akawa profesa.

Hatuwaletei kisa chake muige maisha yake. Tunakileta kwa sababu wengi wetu tumewaona wanawake waliofiwa au kuachwa wakaanza kutafuta la kushika. Elimu ni akiba, na Allah ndiye anayejua lini itahitajika.

Tulivyokaa na upande wa mume

Baada ya hayo tuliona tuna njia tatu, kama kile kiwanda. Ya kwanza, tutume neno kwamba mdogo wetu anaendelea, na sababu ni hizi. Ya pili, mshenga aende na kurudi. Ya tatu, wenyewe wahusika wakae, wakiwa na wazee. Baba alichagua ya tatu. Walikaa barazani kwetu mbele ya baba, kaka yetu na mjomba wa mchumba, na kila mmoja akaombwa aseme hofu yake kabla ya kutaja masharti.

Hapo ndipo tukajua jambo ambalo mshenga hakuwahi kulileta. Mchumba hakuwa na neno na vitabu. Hofu yake ilikuwa kwamba mke akimaliza atapata kazi Dodoma au Dar es Salaam, na yeye ana duka hapa na mama mtu mzima wa kumtunza. Mdogo wetu naye hofu yake ilikuwa kwamba akiacha sasa, hatarudi tena.

Wakakubaliana hivi: anamaliza masomo, ada anailipa kwa mshahara wake kama alivyoanza, na mahari yake haiguswi kwa jambo hilo, kwa miaka miwili ya mwanzo hatatafuta kazi nje ya kisiwa, na akijaaliwa ujauzito, ataomba kuahirisha muhula badala ya kuacha. Harusi ikasogezwa mpaka baada ya mitihani. Yaliandikwa kwenye karatasi na kila upande ukachukua nakala.

Si kwamba kila mtu amefurahi. Mama mkwe bado anasikitika, kwani alishawaambia jamaa zake tarehe ya mwanzo. Mdogo wetu naye aliililia ile miaka miwili, kwa sababu kuna kazi bara aliyokuwa akiitamani. Kila mmoja ametoa kitu. Lakini wametoa wenyewe, na tunamwona mchumba sasa ndiye anayemuuliza tasnifu imefika wapi.

Kwa bi harusi aliye kwenye hali hii

Kabla posa haijajibiwa, muulizane haya mbele ya walii wako:

Masomo yamebaki muda gani, na yanahitaji siku ngapi za wiki? Masta nyingi zina masomo ya darasani kwanza, kisha tasnifu, na tasnifu ndiyo inayochelewa. Isemeni mapema.

Yanasomewa wapi? Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kinasomesha kwa masafa, na vyuo vingine vina madarasa ya jioni. Pengine ugomvi wa safari hauna sababu ya kuwepo.

Ada inatoka mfukoni kwa nani? Ukiwa unasaidiwa na mume, je, ni zawadi au ni deni? Qur'ani imetuelekeza tuandike madeni. Msione haya.

Mtoto akija, nani atasaidia, na chuo kinaruhusu kuahirisha kwa muda gani?

Ukimaliza, unatarajia kufanya kazi gani, na wapi? Hapa ndipo hofu nyingi za wanaume zilipo, na mara nyingi hawazitaji mpaka waulizwe.

Mkishakubaliana, mwendeeni shekhe au kadhi awaeleze namna ya kuyaweka makubaliano hayo sawasawa kisheria. Na usisahau istikhara. Ikiwa baada ya mashauriano ya kweli wewe mwenyewe umeona uahirishe masomo, hapo umeamua, na hakuna wa kukudharau.

Gauni la mdogo wetu limeshakatwa na liko kwenye meza ya shanga. Mitihani yake imebaki wiki sita. Muombeeni, na sisi tunakuombeeni: Allah awajaalie waume wenye kushauriana, elimu yenye manufaa na nyumba zenye utulivu. Amin.